Uzi Mwekundu Kwenye Spoki

Siku injini ilipowaka mara ya kwanza, mtaa mzima ulishangilia isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume wa aliyeiwasha. Alikuwa amechuchumaa mlangoni pa kibanda chake cha baiskeli, amezamisha tiubu kwenye karai la maji akitafuta tundu, akajifanya tundu lile ndilo jambo kubwa kuliko yote duniani. Mkewe alikuwa juu ya baiskeli iliyoinuliwa kwa tofali, gurudumu la nyuma linazunguka hewani, moshi unampanda usoni, naye anacheka mpaka machozi.

"Fundi, huoni? Imewaka!" alipiga kelele Cheche, mchomeleaji wa banda la pili.

"Naona moshi tu," akasema Fundi. "Injini inayotoa moshi namna hiyo ni maiti. Mtaizika kesho."

"Ni oili, baba watoto," mkewe akamjibu huku injini inanguruma. "Hizi injini ndogo petroli yake inachanganywa na oili. Isipotoa moshi ndiyo ujue inakufa."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka tu kwa kuwa wamefurahi na kicheko kilikuwa karibu. Lakini Fundi alikiokota kile kicheko chote akakiweka moyoni. Kwa miaka kumi na tisa aliyokaa pale hakuna mtu aliyewahi kumsahihisha mbele za watu kuhusu kitu chochote chenye magurudumu. Leo amesahihishwa na mkewe, tena dobi, mbele ya mchomeleaji.

Tusidanganyane. Alikuwa na wivu, na wivu wenyewe si wa kumlinda mke asichukuliwe, ingawa hata huo ulikuwepo kidogo. Ulikuwa wivu wa fundi kwa fundi.

*

Mkewe alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa juu ya kilima. Kila asubuhi aliyasukuma mashuka hayo kwa baiskeli, akifika juu hoi, jasho limemlowesha. Kisha msimamizi wa nyumba ya wageni akamwambia kwamba kuanzia Jumatatu ya mwezi mpya mashuka yanatakiwa yawe yamefika kabla ya saa mbili, akishindwa watampa mwingine. Wiki hiyohiyo mtunza bustani wa pale alikuwa anatupa mashine ya kukatia nyasi iliyogoma. Mama huyo akaiomba. Akaifungua kwenye meza ya pasi, akasafisha plagi, akazibua kabureta kwa sindano ya kushonea, akaisikia ikikohoa.

Mtu wa kwanza kumwendea alikuwa mumewe. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye watu walilisahau.

"Nisaidie kuifunga kwenye baiskeli," alimwambia. "Wewe ndiye unayejua magurudumu."

"Baiskeli ni chombo cha miguu," Fundi akasema. "Ukitaka injini nunua pikipiki."

"Kwa hela ipi?"

"Basi tumia miguu uliyopewa na Mungu."

Ndipo akaenda kwa Cheche. Cheche akamchomelea vyuma vya kushikilia injini nyuma ya kiti, na gia yenye meno ya kufungwa upande wa kushoto wa gurudumu, juu ya spoki zenyewe. Wazo la kukata vipande vya tairi kuukuu na kuvibana kati ya gia na spoki ili zisisagane lilikuwa la mama. Cheche alilisimulia wazo hilo kwa kila aliyeleta geti bovu. "Shemeji yangu yule ana kichwa!" alisema, na Fundi, ukuta wa mabati tu kati yao, alisikia kila neno. Shemeji hivi, shemeji vile. Alitamani kumuuliza ni ndugu yake yupi aliyemuoa mwanamke huyo, hata amwite shemeji.

Halafu likaja jina. Asubuhi moja kijana mmoja mwenye baiskeli isiyo na cheni alisimama mlangoni.

"Samahani mzee, hapa ndipo kwa Mama Injini?"

"Hapa ni kwa Fundi Uzi."

"Aaa!" kijana akatabasamu, amefurahi kweli kweli. "Kumbe wewe ndiye mume wa Mama Injini!"

Fundi alimpangia cheni ile, na aliikaza kuliko ilivyotakiwa.

*

Jina la Fundi Uzi halikuja bure. Alipomaliza kunyoosha gurudumu, alikuwa na utaratibu wake: analining'iniza, anachukua msumari, anagonga spoki moja baada ya nyingine, zote thelathini na sita, ameinamisha sikio. Spoki iliyokaza inalia. Iliyolegea inatoa mlio mfu, na hapo ataikaza kwa spana yake ndogo kisha aanze upya kutoka ya kwanza. Zikishalia zote sawasawa, anafunga kipande cha uzi mwekundu kwenye spoki iliyo karibu na pa kujazia upepo. Wateja walijua. Bila uzi hupandi, ukiuona uzi unapanda unakwenda zako. Akina mama waliowabeba watoto nyuma walikuwa wanatazama uzi kwanza, kisha ndio wanalipa.

Jumapili, siku moja kabla ya ile Jumatatu, mama aliileta baiskeli kibandani. Injini imefungwa, cheni mbili zimekaa, kila kitu tayari.

"Baba watoto, naomba unikagulie gurudumu la nyuma. Tumelipitishia boliti za gia, sijui spoki zimekaaje."

"Si wewe ndiye fundi?"

"Ya injini najua. Ya spoki ni yako."

Alisema vizuri, hata kwa upole, na kama asingekuwepo muuza maji pale mlangoni akisikiliza, huenda Fundi angeshika msumari palepale. Lakini muuza maji alikuwepo, ametoa macho.

"Iache hapo," Fundi akasema. "Nikipata nafasi."

Mama akaiegemeza ukutani, akarudi kwenye pasi zake.

Nafasi alikuwa nayo. Hakukuwa na mteja mchana kutwa. Mara mbili aliinuka akaenda mpaka kwenye ile baiskeli, mara mbili akarudi kukaa. Kuigonga spoki kwa spoki maana yake ni kukaa chini na kuitumikia kazi ya mwingine, atoke hapo awe saidia fundi wa mkewe mwenyewe. Na wapita njia walikuwa hawaishi. Kila aliyepita alisimama kuitazama. "Hii ndiyo ya Mama Injini?" "Hii aliitengeneza na Cheche." Hakuna aliyemuuliza yeye kitu. Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye chombo kinachozungumzwa mtaa mzima, na kilikuwa hakina alama yake hata moja.

Akachukua uzi.

Alikata kipande, akakifunga kwenye spoki iliyo karibu na pa kujazia upepo, mafundo mawili kama kawaida yake. Hakuligusa gurudumu kwa msumari. Alijiambia atalikagua kabla jua halijazama, au kesho alfajiri kabla mke hajaondoka, uzi ni kutangulia tu. Miaka kumi na tisa uzi haujawahi kutangulia.

Haikupita muda, akapita mwalimu mstaafu na bakora yake, akainama.

"Ahaa! Nauona uzi. Kumbe kuna mkono wako humu, Fundi. Nikasema mimi, haiwezekani mwanamke peke yake."

Fundi hakusema ndiyo, hakusema siyo. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, taratibu. Jamani, ilikuwa tamu! Ilikuwa siku ya kwanza kwa wiki tatu chakula kinampita kooni bila kukwama.

*

Jioni mama alipokuja kuichukua baiskeli aliuona uzi hata kabla hajaifikia. Akasimama. Akaushika kwa vidole viwili.

"Umeikagua."

Fundi alikuwa anapanga spana kwenye kisanduku. Aliendelea kuzipanga.

"Sikiliza," mama akasema, akaja akasimama karibu naye. "Nilikuwa nimekasirika, nikuambie ukweli. Nilisema huyu mume wangu kanitupa mkono. Na hapo nilipokuwa naileta nilisikia kitu kwenye gurudumu, kinasema tik, tik, kila linapozunguka. Nikawaza leo nitaifungua yote upya hata kama nitachelewa kupiga pasi. Lakini kama umeshapita wewe, basi. Nakwenda kulala na amani." Akamgusa bega. "Asante, baba watoto. Sikutegemea."

Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusema. Alikuwa amesikia vizuri: tik, tik. Mwenye kazi yake anajua huo ni mlio wa spoki zinazosuguana zikikaribia kukatika. Neno moja tu lilitosha, "ngoja", hata kwa kisingizio chochote. Lakini mkono ulikuwa bado uko begani, nao ulikuwa haujawekwa hapo kwa wiki tatu.

"Usijali," akasema.

Mezani mama alimtilia yeye kwanza, na akamsifu kwa watoto kwamba baba yao ni baba. Fundi alikula huku akijipangia: alfajiri ataamka kabla yake, atalitoa gurudumu, robo saa itatosha. Alilala akiwa na mpango huo, akalala fofofo, usingizi wa mtu aliyesamehewa.

Kilichomwamsha ilikuwa injini.

*

Alitoka na shati mkononi. Mkewe alikuwa tayari mwisho wa mtaa, furushi la mashuka limefungwa nyuma kwa mpira, moshi nyuma yake. Fundi alinyakua baiskeli ya mteja iliyokuwa kibandani, haina hata breki ya mbele, akaipanda.

"Simama!" alipiga kelele. "Mama watoto! Simama!"

Mtaa ulikuwa umeshaamka. Walichokiona watu ni hiki: mke anakwenda kwa injini kama malkia, na mume nyuma yake kifua wazi, anakanyaga pedeli kwa nguvu zake zote na kila dakika anazidi kuachwa. Nani asingecheka?

"Mshike, Fundi!" "Wivu huo!" "Mwongezee petroli huyo mume!" Muuza maji alikaa chini kabisa barabarani kwa kicheko.

Mama aligeuka mara moja. Alimwona anapunga mkono, akasikia kelele bila maneno, na akaelewa jambo moja tu, kwamba mumewe hataki afike. Amejutia wema wa jana. Machozi yakamlenga kwa hasira, akaongeza mafuta.

Kilima alikipanda vizuri. Watu walioshuhudia wanasema kilikuwa kitu cha kutazama, hakukanyaga pedeli hata mara moja. Ni kwenye kona ya tangi la maji, barabara inapoteremka kidogo kabla ya geti la nyumba ya wageni, spoki za upande wa gia zilipokatika. Ya kwanza ilisikika, kisha nyingine kama nane kwa pamoja. Gurudumu likajikunja, baiskeli ikajitupa upande, na mama akaangukia mkono wa kulia, mkono wa pasi. Mashuka meupe yalisambaa vumbini.

Fundi alimkuta amekaa katikati ya mashuka, ameukumbatia mkono. Hakulia. Alikuwa anamwambia mtunza bustani, tena na tena, "Waambie nimefika. Saa mbili bado. Waambie nimefika."

*

Watu walikusanyika kama kawaida ya watu, na kila mmoja akawa mtaalamu. Mtu mmoja aliligeuza gurudumu, akaona uzi mwekundu bado upo.

"Fundi alilikagua. Uzi huu hapa."

"Basi ni yule mchomeleaji. Gia yake ndiyo imekata spoki."

"Cheche huyo! Anajua mageti, nani alimwambia anajua baiskeli?"

Cheche alikuwa amefika akikimbia, miwani ya kuchomelea bado iko kichwani. Aliangalia gia, akaangalia spoki. Angesema nini? Uzi wa Fundi ulikuwa pale. Akaanza kuokota mashuka moja moja, akiyakung'uta vumbi, na hakuna aliyemsaidia.

Fundi aliona yote hayo. Alimwona mtu aliyemwita mkewe "shemeji" wiki tatu mfululizo akiwa amepiga magoti vumbini huku watu wanamsema. Kile alichokuwa akikitamani kila siku nyuma ya ukuta wa mabati kilikuwa kimeletwa mlangoni kwake bure. Akampandisha mke kwenye gari la nyumba ya wageni, wakaenda zahanati, na hakusema kitu.

Walikaa kwenye benchi wakisubiri mkono ufungwe plasta. Mama alikuwa amefumba macho.

"Nisamehe," akasema. "Nilidhani unanikimbiza kwa wivu. Kumbe ulijua kitu. Ulisikia mlio?"

"Lala kwanza."

"Wewe ulifanya kazi yako. Cheche ndiye ameniponza. Nikitoka hapa namwambia asikanyage tena kwetu." Alivuta pumzi. "Watu wote hawa, kumbe wa kumwamini ni wewe tu."

Fundi aliitazama sakafu. Nesi alipita na karai, akarudi, akapita tena.

"Sikulikagua," akasema.

Mama alifumbua macho.

"Hukukagua nini?"

"Gurudumu. Sikuligonga. Hata spoki moja."

"Uzi ulikuwepo."

"Niliufunga tu."

Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Kwa nini?"

Alitafuta jibu zuri. Hakulipata, likatoka lile la kweli. "Watu walikuwa wanapita."

Mama akasogea, akauhamisha ule mkono uliovunjika kwa mkono mzima, akakaa mwisho wa benchi. Nesi alipomwita aliinuka mwenyewe.

"Kwa Cheche utakwenda wewe," akasema bila kugeuka.

*

Alikwenda jioni ileile. Cheche alikuwa amekaa ndani ya banda lake, mashine zote zimezimwa, maana siku hiyo hakuna aliyemletea kazi.

"Sikukagua lile gurudumu," Fundi alisema kwa sauti ya chini, ameegemea mlango. "Kosa ni langu."

"Sikusikii, Fundi," Cheche akasema. "Masikio yangu yameharibiwa na mashine."

Fundi alitazama nyuma yake barabarani. Akarudia kwa sauti zaidi.

"Bado."

Akarudia mara ya tatu, akipiga kelele. Cheche akaitikia kwa kichwa. "Sasa nimesikia," akasema. Hakumkaribisha kiti, lakini pia hakumsimulia mtu. Bahati ya Fundi ni kwamba jioni ile barabarani hapakuwa na mtu.

Kwa wiki sita Fundi ndiye aliyekuwa dobi. Alifunga kibanda kila siku mpaka adhuhuri. Alifua, akaanika, akapiga pasi, mkewe amekaa kwenye kigoda na plasta yake akielekeza kwa kidevu. "Hapo pana mkunjo. Rudia." Alirudia. Asubuhi alisukuma mzigo kilimani kwa miguu aliyopewa na Mungu, akifika kabla ya saa mbili hoi, jasho limemlowesha. Msimamizi alimwuliza siku moja kama yeye ndiye dobi mpya. "Mimi ni msaidizi wake," alijibu. Kazi haikupotea. Nyumbani mke aliongea naye yanayohusu mashuka, na watoto, na sabuni, na hakuongea naye mengine.

Mchana, kibandani, alilisuka gurudumu upya. Alinunua spoki nene, zote thelathini na sita. Aliifungua gia ya Cheche, akaipangia boliti mahali pasipobana, akakata vipande vipya vya tairi. Aligonga, akasikiliza, akakaza, akaanza upya kutoka ya kwanza. Hajawahi kulifanyia kazi gurudumu lolote namna ile. Jioni ya mwisho alifunga uzi, mwekundu kabisa, mpya kutoka kwenye kidonge cha uzi.

Asubuhi mama alitoka na furushi lake la mashuka. Mkono ulikuwa umetoka kwenye plasta, mwembamba kuliko mwenzake. Kibandani walikuwa wanasubiri wateja watatu na baiskeli zao, na mwalimu mstaafu na bakora yake.

"Mama Injini amerudi!" mwalimu akasema. "Na uzi wa Fundi uko palepale. Leo hakuna wasiwasi."

"Nimeligonga," Fundi akamwambia mkewe, polepole. "Lote. Mara tatu."

Mama aliweka furushi chini, akachuchumaa karibu na gurudumu, akautazama uzi. Kisha akatoa mkasi mdogo mfukoni mwa aproni, akaukata, akauacha udondoke chini.

Akanyoosha mkono kwa Fundi, kiganja juu. Fundi alichelewa kuelewa. Halafu akampa msumari.

Mama aliinamisha sikio, akagonga spoki ya kwanza. Ikalia. Akagonga ya pili. Akaendelea, bila haraka, anahesabu kwa midomo. Zote thelathini na sita zililia sawasawa. Ilikuwa kazi safi, na Fundi alitamani mtu aseme hivyo. Mama alimrudishia msumari, akafunga mashuka, akawasha injini, akaondoka. Moshi ulibaki kidogo mtaani, kisha ukaisha.

Fundi aligeukia wateja wake.

"Haya, nani wa kwanza?"

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyekuja kuchukua baiskeli iliyotengenezwa jana. Uzi ulikuwepo, mwekundu, mafundo mawili. Aliutazama, akamtazama Fundi. Halafu akachuchumaa taratibu kwa sababu ya mtoto, akaokota kijiwe, na akaanza kugonga spoki moja moja.